Kibadala cha Mzee wa Chemchemi

Haya nilihadithiwa na Tupokigwe mwenyewe, mkamwana wa bonde la Itekelo, mwaka wa pili tangu waya wa juu, wa kubebea watu kwa vibanda, ufike kwetu, siku tuliyokaa kuchambua maharage ya mbegu. Alinisimulia mara moja tu. Alipomaliza, maharage yalikuwa yamekwisha zamani na mikono yetu bado inapapasa ungo mtupu.

Tupokigwe alikuwa fundi wa programu Mbeya mjini. Asubuhi ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili kabla wanabonde hawajaweka dole gumba kuipokea mashine, alikaa mbele ya kioo chake na kikombe cha chai ya tangawizi, akisoma kumbukumbu za siku kumi na moja, mpaka jana yake.

Mashine yenyewe waliiita Mwangalizi. Ilikuwa na masikio mia mbili yaliyofukiwa kwenye mteremko juu ya Itekelo, yakisikiliza udongo mchana na usiku. Ikiamua kwamba mlima unataka kushuka, hakuna tena wa kuombwa kibali: ving'ora vinalia, milango ya nyumba ishirini na tatu inafunguka yenyewe, vibanda vya waya vinateremka kuchukua watu. Lakini masikio husikia mlima ukishaanza kutembea. Maji husema kabla. Na maji ya Itekelo alikuwa akiyasoma mtu mmoja, mzee wa chemchemi, kama baba yake na babu yake walivyoyasoma. Wanabonde walikuwa wamesema wazi kwenye mkutano wa kwanza, "Sisi hatukimbizwi na bati. Neno la mzee likiwemo humo ndani, tutatoka." Ndiyo maana Mwangalizi alimpigia mzee kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kupitia kisanduku kidogo kilichowekwa chumbani kwake, akamwuliza maji yakoje.

Mzee huyo alikuwa baba mkwe wake Tupokigwe. Jina lake sitaliandika, kwa sababu Tupokigwe hakulitaja aliponisimulia. Mkamwana wa Kinyakyusa wa zamani hamtaji baba mkwe, hamtazami, hakai naye chumba kimoja, wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mwanamke huingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Hata ndani ya programu, kile kipande cha mzee Tupokigwe hakukipa jina la mtu. Alikiita Mzee wa Chemchemi, basi.

Akasoma: Siku ya saba. Swali, maji yakoje? Jibu, maji ni safi.

Siku ya nane. Jibu, maji ni safi.

Siku ya tisa. Jibu, baba anasema maji yamelala, nanyi laleni.

Akatabasamu. Maneno hayo yalimpeleka mbali, kwenye jiko la udongo lenye moshi wa mikalatusi, mama mkwe wake Tusekile akiingia na sinia kichwani. Mama huyo alipenda kusema hivyo kila mvua iliponyesha usiku. Baba anasema maji yamelala, nanyi laleni.

Kisha kikombe kikamsimama hewani. Mzee hawezi kujiita baba. Na mama Tusekile alikuwa na miaka mitatu kaburini.

*

Hapa inabidi nieleze kitu, nami nitakieleza kama alivyonieleza yeye.

Programu ya siku hizi haiandikwi kama barua, juu mpaka chini. Hujengwa kwa vipande kama nyumba yenye watu, kila mmoja na kazi yake na mlango wake. Ukitaka jambo, unabisha hodi kwenye mlango unaohusika na unajibiwa. Anayebisha hajali nani yuko ndani, mradi jibu lije kwa namna waliyokubaliana.

Sasa ukitaka kujaribu kipande kimoja, huwezi kuwasubiri wenzake wote. Huwezi kungoja mlima uporomoke ndipo ujue kama programu inajua kukimbia. Kwa hiyo nyuma ya mlango unaweka kibadala. Ni kama bibi harusi anavyofundishwa adabu: shangazi hukaa kwenye kigoda akajifanya mkwe, na msichana hujifunza kupiga magoti mbele ya shangazi. Kipo kibadala cha kujaza kiti tu. Kipo kinachojibu ulichokifundisha: ukiulizwa mara ya kwanza sema safi, mara ya pili sema chafu. Kipo pia kinachohesabu kimebishiwa hodi mara ngapi na nani, kisha kinakusengenyea. Vyote ni vizuri. Ila kibadala hujibu kile ulichokiwekea, hata siku ambayo mwenyewe angejibu kingine.

Tupokigwe alipomwandalia mzee kibadala, alijiuliza, huyu mtu hujibu vipi? Akagundua kwamba tangu aolewe, miaka kumi na tisa, hajawahi kulisikia neno lake waziwazi. Kila neno la baba mkwe lilimfikia kwa mdomo wa mama Tusekile, aliyekuwa akipita kati ya jiko na nyumba kubwa. Mwambie baba ugali uko tayari. Baba anasema ndaga, yaani asante, mwanangu, umepika vizuri. Basi akakipa kibadala maneno hayo hayo. Alikiwekea majibu thelathini, yote ya mama, na mengine aliyatia kwa sauti, kutoka kwenye ujumbe wa zamani wa simu. Kila alipoendesha majaribio, taa za kijani zikipanda moja moja, sauti ya marehemu ilisikika chumbani: baba anasema maji ni maangavu kama kioo. Kuna siku aliyaendesha majaribio ambayo hayakuhitaji kuendeshwa.

Na wakati wa kujenga, kisanduku cha bondeni kikiwa bado kinakatika, aliandika mstari mmoja wa muda: Mzee asipojibu, muulize kibadala.

Mstari huo ndio ulikuwa ukimtazama sasa. Hakuwa ameuondoa.

*

"Siku zote kumi na moja?" aliuliza Mhandisi Kyaruzi, mkubwa wake wa kazi, Mhaya mmoja mpole aliyependa kusimama akila karanga.

"Zote. Mzee hakujibu hata mara moja."

"Kisanduku ni kibovu?"

"Kizima. Kinamsikia akikohoa."

Kyaruzi akatafuna. "Masikio yanasemaje?"

"Kijani."

"Basi sikiliza, dada yangu. Mashine haijakosea. Majibu yametoka, masikio yamekubaliana nayo, watu wamelala salama. Jumamosi wanaweka dole. Jumatatu unauondoa mstari wako kimyakimya, unamtafuta mzee taratibu."

"Na hizi siku nne?"

"Kibadala kiendelee. Kusema kweli kinajibu kwa adabu kuliko mzee yeyote niliyewahi kumfungia mashine."

Tupokigwe akacheka kidogo. Alijua vizuri kile asichotaka kukiri mbele ya Kyaruzi. Akiuondoa mstari, ile sauti ya marehemu inatoka kwenye mashine. Akisema ukweli, wanabonde wataikataa mashine, na baba mkwe ataaibishwa mbele ya watoto wake, aambiwe maneno yamewekwa kinywani mwake na mke wa mwanawe. Akinyamaza, hakuna wa kumuuliza. Wale watu wa nyumba ishirini na tatu wamelalia neno la mzee, na neno hilo halipo.

"Mumeo Gwamaka angemwuliza baba yake," alisema Kyaruzi.

"Gwamaka yuko Mpanda kwenye reli. Simu haishiki mpaka Jumapili."

"Jirani?"

Tupokigwe alikuwa ameshachukua kanga yake nyuma ya kiti.

*

Kibanda cha waya kilimpeleka juu ya mashamba ya chai, mvua ikipiga kioo. Chini aliiona njia aliyopita siku ya kuolewa, miguu ikiwa na tope mpaka magotini, mama Tusekile akimshika mkono na kumnong'oneza, "Usiogope. Wewe niambie mimi, mimi nitamwambia yeye. Hamtagombana maisha."

Na kweli hawakugombana. Alikumbuka jioni ile aliyounguza maharage. Huko nyumba kubwa ulisikika mvumo mrefu wa maneno yasiyoshikika, na kigoda kikasukumwa. Mama akaja na bakuli lililojaa vile vile. "Baba anasema ameshiba tangu mchana," alisema, akaketi, akayala mwenyewe mpaka chini. Tupokigwe alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliamini.

Alishuka kituoni, akajifunika kanga kichwani, akapita kwenye migomba mpaka nyuma ya nyumba. Jiko la mama lilikuwa bado limesimama, bila moshi. Kando ya mlango palikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, kilicholika upande mmoja.

Na kwenye benchi la nje palikuwa na chupa.

Zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa kwa mstari, kila moja na jani la mgomba limefungwa shingoni. Ya kwanza ilikuwa na maji yanayoonyesha hata kucha ukiiweka nyuma. Ya tano ilikuwa na ukungu. Ya nane, rangi ya maji ya kuoshea mchele. Ya kumi na moja ilikuwa kama chai ya maziwa. Ya kumi na mbili haikuwa na maji. Ndani, chini kabisa, mlikuwa na tope, kijiko kimoja hivi.

Alisikia kikohozi upande wa pili wa migomba. Baba mkwe alikuwa amekaa huko, amempa mgongo. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana chini ya majani, na viatu vya mpira.

Tupokigwe akachuchumaa. Kwa kawaida mama angekuwa amesimama hapo katikati. Hakukuwa na mtu. Akakitazama kigoda.

"Kigoda," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, "mwambie baba ninaomba kujua maji yakoje."

Mvua ikaendelea kuanguka kwenye majani. Akadhani amekwisha kuharibu kila kitu.

"Kigoda," ilisema sauti kavu, nyembamba kuliko alivyowazia miaka yote, "mwulize huyo aliyekuja kama macho kayaacha mjini. Chupa nimempangia."

"Mwambie nimeziona. Mwambie ya leo haina maji."

"Mwambie leo chemchemi haikutoa kitu. Chemchemi ikikoroga, mlima unaumwa. Ikinyamaza, mlima umemeza. Babu yangu aliuhama ukimya wa namna hiyo, mtoto mgongoni, ugali ukiwa motoni."

Tupokigwe akakisogelea kigoda. "Mwambie baba, mashine ilikuwa ikimwuliza kila asubuhi."

"Mwambie mashine haijaniuliza kitu. Aliyeniuliza ni mke wa mwanangu. Alfajiri, chumbani kwangu ninapolala, mimi nimevaa shuka. Nikamfunika kikapu, nikatoka nje kwa heshima yake."

Ndipo alipokumbuka. Siku ya kurekodi maswali, mtangazaji waliyemkodi hakufika, na Tupokigwe akasema haidhuru, sauti ya mashine ni sauti ya mashine. Akasoma maswali yeye. Miaka ya mjini ilikuwa imemsahaulisha kwamba heshima ile haiangalii sauti imetoka kwenye koo au kwenye kisanduku. Aliinama akacheka bila kupenda, machozi yakichanganyika humo humo, akampigia Kyaruzi.

"Shusha vibanda," alisema.

"Kwa jibu la nani? Masikio yote bado kijani."

"La mzee."

"Umelisikia mwenyewe?"

"Nimelisikia. Mara ya kwanza tangu niolewe."

*

Ving'ora vilipolia, watu walitoka kidogo tu. Walisimama vibarazani, wengine na vijiko mikononi, wakiutazama mlima uliotulia. Mwenyekiti wa kitongoji, Ambilikile, alikuja kwa Tupokigwe na mwavuli.

"Shemeji, jana mashine ilisema maji ni safi. Leo inasema tukimbie. Mzee amebadili neno?"

Hapa Kyaruzi angejibu, ndiyo, amebadili. Ingetosha. Watu wangepanda.

"Hajabadili," alisema Tupokigwe, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. "Neno lake halijawahi kuingia kwenye mashine. Siku kumi na moja nimekuwa nikijibu mimi."

"Wewe?"

"Niliweka kibadala cha kufanyia majaribio, nikasahau kukitoa. Kilikuwa kinasema maneno ya mama Tusekile."

Bibi mmoja aliyebeba kuku kwapani akatema mate pembeni. "Kumbe tumelala chini ya mlima kwa neno la marehemu."

"Ndiyo, bibi."

"Na leo tupande kwa neno lako?"

"Si langu. Chupa ziko nyuma ya nyumba. Nendeni mkazione."

Walikwenda wawili, wakarudi wakikimbia. Baada ya hapo hakuna aliyebishana. Bibi wa kuku alipopita karibu yake alisema, "Nitakutukana tukifika juu," akapanda kibanda cha kwanza.

Mzee alipanda wa mwisho. Alibeba ile chupa ya kumi na mbili. Tupokigwe aligeuka akatazama migomba mpaka mlango wa kibanda ulipofungwa, kisha akapanda kingine, na kigoda cha mama mapajani.

Walilala macho shuleni juu ya kilima, na asubuhi, jua likiwa limeshatoka, mlima ukashuka. Haukuwa na haraka. Ulishuka kama mtu mzito anayekaa. Masikio yaligeuka mekundu yote kwa mpigo, dakika nne kabla. Dakika nne zisingewatosha hata kufunga kanga. Nyumba kumi na tisa zilikwenda, na chemchemi, na jiko la mama Tusekile. Mbuzi mmoja aliyekuwa hajulikani alipo aliibuka baadaye, amekasirika. Watu wote walikuwa hai.

Bibi wa kuku alikuja akamtukana kama alivyoahidi, kwa urefu, akamwachia yai.

*

Mpaka saa tatu watu walikuwa wameanza kulala, mmoja mmoja, kwenye mikeka madarasani, jua likiwapiga miguuni. Mzee alipewa darasa la nne. Tupokigwe alikaa darasa la tatu, upande wa pili wa ukuta wa mbao, kompyuta juu ya dawati la watoto na magoti yamembana.

"Kigoda," ilisema sauti nyuma ya mbao, "huyo hajalala?"

"Mwambie baba ninafanya kazi kidogo."

"Mwulize, ile sauti ya mama Gwamaka aliyonayo, inasema nini juu yangu?"

Alisita. Kisha akapunguza sauti na kuyafungulia majibu, moja baada ya jingine. Baba anasema ndaga, mwanangu. Baba anasema ameshiba tangu mchana. Baba anasema maji yamelala, nanyi laleni.

Halafu mzee akacheka, kicheko cha kukwaruza kama mlango uliokaa bila mafuta.

"Sikuwahi kusema hivyo. Siku ile nilisema maharage yameungua, na aliyeyaunguza arudishwe kwao akafundishwe upya."

"Mwambie baba, mama aliyala yote yeye."

"Najua. Aliumwa tumbo mpaka asubuhi." Akakohoa. "Mwambie huyo, mama Gwamaka alikuwa mwongo wa huruma. Jikoni alitufaa. Kwa ajili yake tumekaa miaka yote hiyo bila kuchukiana. Lakini mlangoni pa mlima asikae. Hapo pananitaka mimi, na ulimi wangu mbaya."

"Mwambie baba nimesikia."

"Na kisanduku atie sauti ya mwanamume. Hata ya yule Mhaya anayetafuna."

Tupokigwe akaufuta ule mstari. Yale majibu thelathini hakuyafuta. Aliyatoa kwenye mashine, akayaweka mahali pake mwenyewe, kama mtu anavyohifadhi kitenge asichokusudia kukishona. Kisha akaandaa kibadala kipya cha mzee, cha kufanyia majaribio tu, na hiki ndicho kilichomchukua muda mrefu kuliko vyote, ingawa kilikuwa kifupi. Kilikuwa na agizo moja. Ukiulizwa maji yakoje, usijibu neno.

Akaendesha jaribio. Likatoka jekundu. Programu yake, ilipokutana na ukimya, iliuchukulia kuwa ni amani. Aliutazama ule wekundu kwa furaha, kwa sababu hatimaye kuna kitu kilichomwambia ukweli. Akairekebisha: mzee akinyamaza, usimsemee, mtume mtu akaangalie. Akaendesha tena. Kijani.

"Kigoda," alisema polepole, "mwambie baba kazi imekwisha."

Hakuna aliyejibu. Alisikiliza. Kupitia mbao aliusikia mkoromo wa mzee, wa kukatikakatika, sauti nyingine ambayo katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuifahamu. Alikisogeza kigoda kikaegemea ukuta, akaulaza uso juu ya dawati, mahali ambapo mtoto fulani alikuwa amechonga jina lake kwa msumari, na jua likiwa limefika mabegani, naye akalala.